Urubani wa Amne

Amne Jecha aliporudi Unguja kwa likizo, jeshi lilikuwa limempa jambo la kwenda kulifikiri nyumbani. Alitakiwa arejee na jibu: rubani au muongoza ndege. Wenzake wengi hawakuulizwa. Waliambiwa tu, wewe ufundi, wewe rada, wewe nenda kwenye chumba cha ndege zisizo na rubani ukakodolee kioo mpaka macho yakutoke. Yeye alikuwa amefaulu majaribio ya njia zote mbili, na mkuu wa mafunzo, Meja Mahfoudh, mtu mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimsifu mtu, alimwita ofisini kwake akamwambia akae.

"Luteni, mnara unakutaka," alisema. "Una kichwa cha kuzishika ndege nyingi hewani bila ya kuchanganyikiwa, na sauti yako haipandi mambo yakiharibika. Lakini nimekaa na wewe ndani ya ndege vilevile, nimeiona mikono yako. Kwa hivyo sikuchagulii. Nenda kwenu ukafikiri."

"Afande, naweza kukujibu sasa hivi."

"Najua unaweza. Ndiyo maana nakwambia nenda."

Amne hakuwa na cha kufikiri. Jibu alikuwa nalo tangu asubuhi ile mwalimu wake aliposhuka kwenye ndege ya mafunzo, akafunga mlango, akaligonga bawa kwa kiganja na kumwashiria aende peke yake. Ndege bila ya uzito wa mwalimu ilikuwa nyepesi kama kitu chengine kabisa. Iliinuka kabla yeye hajategemea, na alijikuta anacheka kwa sauti, peke yake, huku miti na mabati ya kambi yakizama chini yake. Mnarani alikuwa hodari, hilo alilijua. Ila mnarani alikuwa hodari kwa kujilazimisha. Kule juu hakujilazimisha kitu.

Nyumbani kwao ni mtaa wa Malindi, ghorofa ya juu ya nyumba kongwe ya wakfu, na mwenye nyumba hiyo kwa kila hali ni dada yake, Bashira. Mama yao alifariki Amne akiwa bado anatambaa. Baba alikwenda Maskati kutafuta kazi. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, halafu akaoa huko, halafu simu zikakatika. Bashira akaacha skuli, akanunuliwa cherehani na jamaa, na tangu hapo anashona sare za wanafunzi. Kwa sare hizo ndiyo akamlea Amne. Majirani wanamwita Mama Amne, na hajawahi kumsahihisha mtu.

Siku ya kufika, Bashira alikuwa ameshapika wali wa nazi na mchuzi wa papa. Alimwacha mdogo wake ale kwanza, yeye akamwangalia tu, kama anayehakikisha kwamba kila kitu kimerudi mahala pake. Halafu akauliza habari za kazi, na Amne akamweleza.

"Mnara huo uko wapi?" Bashira aliuliza.

"Popote penye uwanja. Hapa Unguja pia wanataka watu."

"Hapa Unguja."

"Ndiyo."

"Basi mambo yamekwisha. Utakuwa unakwenda kazini asubuhi, jioni unarudi kwako. Unataka nini tena?"

"Nnataka kurusha, dada."

Bashira aliondoa sahani yake ingawa Amne hakuwa amemaliza. Aliipeleka jikoni, akarudi, akakaa palepale.

"Rubani anapelekwa wapi?"

"Bara kwanza. Halafu wanatupeleka nje kwa masomo. Halafu inategemea."

"Inategemea nini?"

"Wanapokuhitaji."

"Mimi sikukunyonyesha, Amne, kwa sababu sikuwa na maziwa," Bashira alisema. Hakupandisha sauti. "Kila kitu chengine nshakupa. Wachumba walikuja hapa wakakukuta mgongoni mwangu, wakarudi walikotoka. Sikuwahi kukwambia hilo, nnakwambia leo. Sasa wewe kaa ufikiri vizuri, kama alivyokwambia mkubwa wako."

Maneno yale Amne aliyasikia kama mtu anavyosikia mlango ukifungwa nyumba ya pili. Alijua dada yake ana ulimi. Alidhani litapita.

Na kweli, baada ya siku mbili tatu likaonekana kama limepita. Asubuhi moja walikuwa juu ya paa wanaanika nguo, Bashira akaanza kucheka bila ya sababu, akaufunika uso kwa kanga mbichi aliyokuwa nayo mkononi. Amne hakukumbuka kama aliwahi kumwona hivyo.

"Kuna mtu," Bashira alisema.

Mtu mwenyewe ni Tahir, muongozaji wa watalii katika msitu wa Jozani. Mkewe alikufa na hakumwachia mtoto. Alikuja kuchukua sare za watoto wa ndugu yake, akarudi tena na suruali isiyohitaji kushonwa, akarudi tena bila ya kitu. Dada wa Tahir, Mwanakheir, alikuwa ameshafika kuulizia. Posa ingekuja baada ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi.

Amne alimkumbatia. Bashira akaacha kucheka.

"Lakini sijamwambia," alisema.

Hakuwa na haja ya kulitaja. Miaka iliyopita Bashira alivuja damu miezi na miezi, na mwisho madaktari wakamtoa kizazi. Amne alikuwa sekondari. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea uji hospitali, na hakuna mtu mwengine Malindi nzima aliyejua alilazwa kwa sababu gani.

"Anataka mtoto?" Amne aliuliza.

"Kila mara anataja. Mwanangu nitamfundisha majina ya miti. Mwanangu hivi, mwanangu vile. Nifanyeje?"

"Mwambie, lakini si sasa. Mwache akuzoee kwanza. Mwanamme akishakuzoea hakuachi kwa kitu kama hicho."

Ulikuwa ushauri wa kweli. Aliutoa kwa moyo safi, na Bashira aliushika. Kisha Amne, kwa ile furaha, akasema jambo ambalo baadaye alilirejea kichwani mara nyingi.

"Sasa utakuwa na mwenzio, dada. Sasa unaweza kuniacha niende."

Bashira alikunjua shuka, akaitupa juu ya kamba, akaivuta pembe mpaka ikakaa sawa.

Likizo ilipokwisha Amne alirudi kambini akamwambia Meja Mahfoudh: urubani. Meja aliitikia kwa kichwa mara moja, akamwambia jina lake litakwenda mbele pamoja na la Talib, kijana wa Mkokotoni waliyeanza naye mafunzo, na kwamba kabla ya safari ya masomo watafanyiwa upekuzi, wakaguliwe wao pamoja na jamaa zao. Talib alikuwa mtu mwema na rubani wa wastani. Alipenda kusema kwamba akitua salama ni kwa sababu ardhi imemhurumia.

Watu wa upekuzi walikwenda Malindi kama wanavyokwenda kwa kila mtu. Walipanda ngazi, wakakaribishwa kahawa na halua, wakauliza ya kuuliza. Amne hakuwapo. Alichokijua kuhusu ziara hiyo alikijua kutoka kinywani mwa daktari wa jeshi, mbele ya wajumbe wengine wa jopo la afya, katika chumba chenye feni iliyokuwa ikilia.

"Luteni, una kifafa?"

"Hapana, afande."

"Hujawahi kuanguka?"

"Mara moja, afande. Nilikuwa mdogo, nilishikwa na malaria nikapata degedege. Nimeambiwa tu, sikumbuki."

Daktari alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo halikumsaidia Amne.

"Aliyekulea anasema si mara moja. Anasema ulikuwa ukianguka mara kwa mara mpaka darasa la saba, unatokwa na povu, unajing'ata ulimi. Anasema alikuwa akikuficha kwa kuona haya."

Akili ya Amne ilikimbilia kwanza mahala pa ajabu: alijiuliza kama ni kweli, kama dada yake alimficha na yeye pia. Halafu akakumbuka darasa la saba, akaikumbuka siku moja moja, mashindano ya mbio, safari za ufukweni, mtihani, na akajua kwamba ni uongo.

"Si kweli, afande. Nipimeni."

"Tumekupima. Vipimo ni safi. Lakini mtu anaweza kutoka safi leo akaanguka kesho, na maneno ya mtu aliyelala chumba kimoja na wewe miaka yote yana uzito kuliko waya zetu. Sikupi ndege."

"Basi mnara," Amne alisema. Sauti yake, ile isiyopanda, ilikuwa imeanza kupanda. "Nitakwenda mnarani."

"Mnarani ndiyo vilevile. Unaweza kuanguka na kipaza sauti mkononi, na kuna watu wanangoja uwaambie watue wapi. Kazi yoyote ya anga imefungwa kwako, Luteni. Pole."

Meja Mahfoudh alimtetea kiasi alichoweza. Alimwambia upo mlango mmoja: dada yake aje mwenyewe mbele ya jopo, afute maneno yake. Akampa ruhusa fupi aende akamlete.

Amne alimkuta Bashira kwenye cherehani, ana rundo la sketi za buluu miguuni. Muhula ulikuwa unakaribia kufunguliwa. Hakumwamkia.

"Umewaambia nini?"

Bashira alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Niliwaambia unaanguka."

"Kwa nini?"

"Ili wakupeleke mnarani."

"Mtu mwenye kifafa anapelekwa mnarani?"

Hapo ndipo uso wa Bashira ulipobadilika. Amne aliona, na kwa muda mdogo sana alidhani mambo yanaweza kutengenea. Dada yake hakujua. Alidhani kuna milango miwili, na ukiufunga mmoja mtu anapita wa pili. Hakuna aliyemwambia kwamba yote miwili ina kufuli moja.

"Wamekukatalia na mnara?"

"Wamenikatalia kila kitu. Sasa inuka. Tunakwenda pamoja, utawaambia uliongopa, na mimi sitakuuliza tena maisha yangu yote."

"Nitawaambiaje watu wa serikali kwamba nilikaa mbele yao nikaongopa? Wataniweka ndani."

"Hawakuweki ndani. Meja kaniahidi."

"Meja hanijui mimi."

Amne alipiga magoti. Hakuwahi kumpigia mtu magoti, hata kwenye adhabu za mafunzo alikuwa radhi alale kifudifudi. Aliishika miguu ya dada yake iliyokuwa juu ya kibao cha cherehani, miguu iliyovimba kwa kukaa, akaweka paji la uso juu yake. Alimwita dada. Halafu akamwita mama, jina ambalo Bashira alilingoja tangu zamani na ambalo Amne hakuwahi kumpa.

Bashira alilia. Machozi yalimdondoka juu ya kitambaa cha buluu yakaacha madoa. Lakini hakuinuka.

"Jeshi litakupa kazi nyengine," alisema mwishowe. "Kazi ni nyingi. Utakuwa hai, na utakuwa karibu."

"Dada, nimekuomba."

"Ungeondoka, Amne. Ungeondoka kama baba, na ungekuwa unapiga simu kila Ijumaa."

Alivuta sketi nyengine kutoka kwenye rundo, akaipanga chini ya sindano, na kwa sababu miguu yake bado ilikuwa imeshikwa, alisubiri. Amne aliiachia. Cherehani likaanza kulia.

Asubuhi iliyofuata Amne alikwenda Jozani.

Alifika mapema kuliko magari ya watalii, na alikuwa na nafasi ya kutosha ya kugeuka. Alinunua chungwa langoni, akalila lote amesimama, akanawa mikono bombani. Alimwona Tahir, waliyekutana naye mara moja wakati wa likizo, kabla yeye hajaonekana. Alikuwa mtu mrefu, sare ya kaki imemkaa vizuri, ndevu zimeanza mvi. Alikuwa akimwonesha mtoto wa kizungu kima punju waliokuwa wamekaa juu ya tawi la chini, na alimwinamia ili macho yake yawe sawa na ya mtoto, akimwelekezea kwa kidole polepole asije akawashtua. Mtoto alicheka. Tahir akacheka naye.

Amne alingoja mpaka amalize.

"Shemegi," Tahir alisema alipomtambua, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Umekuja kuniona? Bashira mzima?"

"Mzima. Tunaweza kusogea kidogo?"

Walikwenda mpaka mwanzo wa daraja la mbao linaloingia kwenye mikoko. Maji yalikuwa yametoka, matope yakinuka, kaa wadogo wakiingia na kutoka mashimoni.

"Dada yangu ataona haya kukwambia, kwa hivyo nimekuja mimi," Amne alisema. Maneno aliyatayarisha usiku kucha, na yalitoka kwa utulivu uleule aliosifiwa mnarani. "Bashira hazai. Alitolewa kizazi zamani. Nimeona si haki uje kuposa hujui."

Tahir alishika mbao ya ukingo.

"Kakutuma yeye?"

Hapa palikuwa na nafasi nyengine. Angesema ndiyo, na mtu yule angemwona Bashira ni mwanamke mkweli aliyeshindwa tu na haya, na pengine, kwa kuwa alikuwa mtu mpole, angekwenda Malindi jioni ileile kuzungumza naye.

"Hapana," Amne alisema. "Yeye alitaka ukishaoa ndiyo ujue."

Tahir alimshukuru. Kweli alimshukuru, akamwita mtu mwenye imani, akamtafutia gari la kurudi mjini. Alipokuwa akimfungulia mlango alifungua, akafunga, akafungua tena.

Posa haikuja. Wala haikuletwa sababu. Tahir hakurudi Malindi kuchukua suruali wala kuleta, na simu yake ikawa inaita tu. Bashira alimpigia Amne kambini kumweleza, na Amne alisikiliza mpaka mwisho.

"Labda kapata mwengine," Bashira alisema. "Wanaume ndivyo walivyo, si ndiyo?"

"Labda," Amne alisema.

"Au pengine mtu kamwambia. Lakini nani?"

"Hospitali watu wana midomo, dada."

"Ndiyo. Watu wa hospitali." Alivuta pumzi. "Wewe umekula?"

"Nshakula."

Aliposhusha simu Amne alisubiri kuona atahisi nini. Alitegemea kuona vibaya. Alichokisikia ni kitu kama njaa iliyotulizwa, na alilala vizuri kuliko siku zote tangu kwenye chumba kile chenye feni. Jambo hilo lilimtisha kwa muda, kisha likaacha kumtisha.

Jeshi lilimpa kazi. Alipangiwa ghala la vifaa vya marubani: ovaroli, miavuli ya kurukia, majaketi ya kuokolea, kofia ngumu. Kila rubani kabla ya kuruka hupita dirishani kwake. Amne huwapa vitu vyao, huwakagulia kamba na vifungo, na wakirudi huvipokea vikiwa na jasho lao. Aliifanya kazi ile vizuri. Hakuna kofia iliyotoka pale na kamba mbovu.

Talib alirudi kutoka masomoni amekuwa rubani wa helikopta. Siku ya kwanza kufika dirishani alisimama pale bila ya kusema alichofuata.

"Hapa nilipo mimi angekuwa amesimama mwengine," alisema. "Kila nikikaa kwenye kile kiti nakumbuka hilo. Mimi najua nani alikuwa bora."

"Kichwa chako saizi gani?" Amne aliuliza.

"Amne, nasema kweli."

"Nimesikia. Saizi gani?"

Alimwambia. Akampa kofia, akamfunga mwenyewe kamba ya kidevu, akaivuta kujaribu, akaivuta tena zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa mpaka Talib akakunja uso. Kisha akailegeza. Talib alikwenda, na baada ya muda mfupi helikopta ilipita juu ya ghala ikitikisa mabati, na Amne aliendelea kupanga majaketi bila ya kuinua kichwa.

Idi ndogo iliyofuata alikwenda nyumbani, kwa sababu ilikuwa vigumu kueleza kambini kwa nini hataki. Bashira alikuwa amepungua. Alipika boko boko na pilau ya nyama kama wanakuja wageni kumi, na hakukuja mtu. Walikaa kwenye jamvi, sinia moja katikati yao, dirisha wazi, na kelele za watoto waliovaa nguo mpya zikipanda kutoka uchochoroni.

"Tahir kaoa," Bashira alisema. "Mtu wa Makunduchi."

"Nimesikia."

"Mkewe mja mzito."

Amne alikata kipande cha nyama akakiweka upande wa dada yake, kama ilivyo desturi. Bashira alikiangalia.

"Mwanakheir alikuja hapa," alisema. "Yule dada yake. Alikuja kuniomba radhi kwa niaba ya kaka yake, mwanamke muungwana. Aliniambia ni nani aliyekwenda Jozani."

"Lini alikuja?"

"Mwanzo. Kabla sijakupigia simu ile."

Amne aliacha kula. Aliikumbuka simu ile, na zote zilizofuata baada yake. Umekula? Baridi huko? Kikohozi kimekwisha? Mwanamke huyu alikuwa akiuliza yote hayo hali anajua, na siku ile ya kwanza alikuwa amemuuliza kwa makusudi, nani, ili aone mdogo wake atasema nini.

"Mbona hukuniambia unajua?"

"Nilikuchukia," Bashira alisema. "Nilikaa pale kwenye cherehani nikakuchukia mpaka alasiri. Nikasema simtaki tena, afe huko. Halafu nikashika simu nimwambie mtu yaliyonipata, na nilipoangalia, hakuna mtu mwengine wa kumpigia. Ni wewe tu. Nina nani mimi?"

Chini, mtoto mmoja alipasua puto, wengine wakapiga kelele.

Amne alikuwa na habari aliyokuja nayo. Njiani alikuwa ameamua aiseme kwa upole, aseme kwamba ni amri, kwamba jeshi ndilo lililoamua na yeye hana la kufanya. Mtu mwengine angeona kwamba sasa ndiyo wakati wa uongo ule mdogo. Amne naye aliona hivyo. Alimwangalia dada yake, mikono ile yenye matundu ya sindano, macho yaliyovimba, na akajisikia mkavu kabisa ndani.

"Nimehamishwa," alisema. "Nakwenda Mwanza."

"Mwanza." Bashira alilitamka kama jina la nchi ya mbali. "Wamekupeleka wao?"

"Nimeomba mwenyewe."

Bashira alitikisa kichwa. Aliendelea kukitikisa, kidogo kidogo, kama mtu anayeitikia maneno ya mtu mwengine asiyeonekana. Kisha akakichukua kile kipande cha nyama alichowekewa, akakirudisha upande wa Amne.

"Kula," alisema. "Pilau ikipoa haina maana."

Amne alikula. Nyama ilikuwa laini, viungo vimekolea, hakuna anayepika pilau Malindi kama Bashira. Alikula mpaka akashiba, akanawa, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshashuka ngazi na begi lake.